Kesi ya Nyani, Hakimu Ng'ombe

Mpwapwa, chini ya safu ya Kiboriani, saa tisa alasiri. Ni mwezi wa Oktoba: mvua bado, majani yamekwisha, mifugo imebanana kwenye kivuli cha mbuyu. Kijana wa sekondari aliyetumwa kuchunga amejinyoosha chini, kitabu kimemfunika uso. Ni *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Alikuwa akikisoma kwa sauti kwa ajili ya zoezi la uhakiki, mpaka usingizi ukamchukua. Waliokuwa wakimsikiliza hawana usingizi hata kidogo.

NYANI: (akiteremka jiwe kwa jiwe) Amefikia wapi?

NG'OMBE: Siku hizi huko milimani hamsalimii?

NYANI: Shikamoo, Bibi. Amefikia wapi?

NG'OMBE: Marahaba. Amefikia pale Ikibali, mtoza kodi wa Mfalme Rai, anapochungulia usiku na kumwona Adili, mtawala wa Janibu, akiwacharaza nyani wawili. Akimaliza kuwacharaza, analia.

NYANI: Hapohapo! Hapo ndipo mimi na mtunzi tunapoachana. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtosa ndugu yao Adili baharini kwa sababu ya msichana. Ni watu. Wamekosa kwa mikono ya watu na kwa roho mbaya ya watu. Hukumu ikatoka kwa jini Huria: wawe nyani. Naomba mtu anieleze sisi tumeingiaje kwenye kesi hiyo.

MBWA: Jirani, wewe piga magoti ushukuru. Mzigo huo ulikuwa wetu.

NYANI: Wenu kivipi?

MBWA: Kisa chenyewe kimo kwenye Alfu Lela U Lela. Kule mwenye fimbo anaitwa Abdallah bin Fadhil, yuko Basra, na hao kaka zake wawili ni mbwa. Wanapigwa kila usiku mpaka habari zinamfikia Harun al-Rashid. Shaaban Robert alipokichukua kisa akaiacha Basra, akajijengea nchi ya Ughaibu na Janibu yake, mbwa akawatoa, akawaweka ninyi. Ukoo wetu wote ulishusha pumzi.

NYANI: Kwa hiyo tumebambikiwa kesi.

MBWA: Sikusema hivyo.

NYANI: Umesema hivyohivyo, ila kwa furaha.

NG'OMBE: Tulieni, wajukuu zangu. Mtunzi alikuwa na sababu zake. Mnajua kwamba alikaa hapahapa Mpwapwa? Katikati ya miaka ya 1940 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, katika idara ya wanyama. Alikuja kutoka Tanga, kwenye minazi na upepo wa bahari, akaletwa kwenye vumbi hili. Katika *Maisha Yangu* ameielezea safari yenyewe.

MBWA: Basi jibu limepatikana! Mtu wa Tanga anafika Mpwapwa, analima kashamba kake nyuma ya nyumba, anaamka asubuhi anakuta nyani wamemaliza mahindi. Miaka kadhaa baadaye anatafuta mnyama wa kuchapwa kitabuni. Unadhani atamtafuta kanga?

NG'OMBE: Hayo ameyaandika wapi?

MBWA: Hajayaandika. Ndiyo maana nina uhakika. Mtu hawezi kuandika jambo linalomuuma kiasi hicho.

NG'OMBE: Ndivyo mnavyosoma vitabu siku hizi. Asichosema mtunzi mnakishika kuliko alichosema.

NYANI: Mimi nashika alichosema. Mzee Faraji alizaa watoto watatu. Mmoja akamwita Adili. Mwingine Hasidi. Mwingine Mwivu. Bibi, mtoto bado ana siku saba, hajakosa hata kunyonya, tayari kesha kuwa hasidi kwenye cheti! Halafu tunashangaa amekua hivyo? Tunataka usuli. Nani alimbeba? Nani alimpa kipande kidogo cha nyama? Adili alikuwa anapendwa kiasi gani mle ndani? Kitabu kinapita hapo mbiombio kama kinakimbiza gari.

MBWA: Jina si kitu. Mimi naitwa Simba na radi ikipiga naingia chini ya kitanda.

NG'OMBE: Huku Ugogoni mtoto anaweza kupewa jina la njaa au la mvua iliyonyesha siku hiyo, na hakuna anayemdai awe njaa. Lakini Nyani hapo ana hoja. Mwalimu wa huyu kijana ameshawaambia darasani: Hasidi na Mwivu ni wahusika bapa. Wabaya ukurasa wa kwanza, wabaya mpaka mtunzi awahurumie.

NYANI: Bapa! Mtu ana mama, ana utoto, ana usiku aliolala na njaa, unamwita bapa kwa sababu hukuuliza.

NG'OMBE: Usinichukue jumla. Hao vijana walipewa nafasi. Urithi waligawana sawa, wao wakaufuja. Ndugu yao akawapokea tena, akawatia kwenye biashara yake. Mara ngapi?

NYANI: Walipewa mtaji, hawakupewa mafunzo. Kama ile mikopo ya halmashauri: kikundi kinapigwa picha na hundi kubwa ya karatasi, mwaka wa pili mwenyekiti hapokei simu. Huyo naye mnamwita hasidi?

MBWA: Huyo tunamwita mwenyekiti.

NG'OMBE: Usuli unaoutaka mimi ninao, umeandikwa. Mimi ni ng'ombe wa Mpwapwa, aina iliyotengenezwa hapa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Kuna Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, kuna zebu wa hapa nchini, kuna Ayrshire kidogo wa Uskoti. Wataalamu waliandika kila ndama, kila kilo, kila lita. Hakuna mhusika katika fasihi ya Kiswahili mwenye usuli uliopangwa vizuri kama wangu. Na nikiipiga teke ndoo ya maziwa, unadhani kuna anayekwenda kufungua faili?

(Kimya kidogo. Mbwa anajikuna sikio.)

MBWA: Mimi wa kwangu ni Adili. Mtu kapewa amri. Huria alimwambia: kila usiku uwachape, ukikosa usiku mmoja, kitakachokupata utakijua. Angefanyaje? Amri ni amri. Na alikuwa akiwalisha mwenyewe, tena kwa machozi.

NG'OMBE: Hayo machozi ndiyo yananitisha. Anayenipiga kwa hasira, hasira ikiisha naye ameisha. Anayenipiga huku analia atarudi kesho saa ileile, amejiosha uso. Hebu nionyeshe ukurasa ambao Adili, kabla hajakamatwa, alikaa chini akaandika barua hata ya mistari minne kuomba ndugu zake wasamehewe.

MBWA: Alikuwa na shughuli za utawala.

NG'OMBE: Mpaka apite mtu wa kodi! Ikibali hakwenda Janibu kutafuta haki, alikwenda kudai fedha za mfalme. Haki akakutana nayo njiani, usiku, kwa kuchungulia.

NYANI: Na ilipojulikana, ilichukua nini? Barua. Mfalme Rai kawaandikia majini, basi. Miaka yote hiyo migongo inachanika, kumbe dawa ni karatasi.

MBWA: Siku hizi barua hiyo ingepelekwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Ungeambiwa mhusika yuko kikaoni, halafu uache nakala, halafu mfumo haufunguki. Hao nyani wangezeeka.

NYANI: Mimi hata hayo majini nayapokea kwa shingo upande. Mji mzima watu wamegeuka mawe, kabaki msichana mmoja...

NG'OMBE: Huamini? Vuka kilima uende Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale wakatangaza kwamba nyika hii italisha Uingereza mafuta ya karanga. Wakaleta matrekta, wakajenga mpaka reli. Ardhi ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, jembe haliingii. Mvua nayo ikawa ya hapa, si ya kwenye ramani yao. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zimezama. Shaaban Robert alikuwa ameshaondoka Mpwapwa. Angebaki angeona kwamba mji wa mawe ni hadithi ya kawaida sana.

MBWA: Tusimsahau msichana mwenyewe, Mwelekevu. Wote wanampigania.

NG'OMBE: Huyo niachieni mimi, kwa sababu mimi ndiye mahari. Nimeshahama maboma matatu kwa harusi tatu. Wanaume wakibishania msichana huulizana ng'ombe wangapi, na wana afya gani. Msichana haulizwi. Ng'ombe wenyewe ndiyo kabisa. Kaka wawili wanamtupa wa tatu baharini kwa ajili yake, na hakuna hata mmoja aliyepita kwake kusema, "Samahani dada, wewe unasemaje?" Mngetaka usuli, mngeanzia huko. Lakini naona ninyi usuli mnautafutia jamaa zenu tu.

NYANI: Si kweli.

NG'OMBE: Hasidi angegeuzwa fisi ungekuwa hapa?

NYANI: (anafikiri) Fisi anajulikana tabia yake.

MBWA: Kabisa. Fisi hana haja ya usuli.

NG'OMBE: Haya. Mnaendelea vizuri.

NYANI: Bibi, niruhusu jambo la mwisho, kisha niende. Mwisho wa kitabu Hasidi na Mwivu wanarudishiwa ubinadamu, na wanarudi watu wema. Sivyo? Sasa wema huo wameupata wapi? Wakiwa watu walitupana baharini. Wakiwa nyani walilala chumba kimoja, mkia kwa mkia, wakala sahani moja, hakuna aliyemtupa mwenzake popote. Mtunzi alidhani ametuadhibu nao. Kumbe aliwaleta shule!

NG'OMBE: Hilo sikuwa nimeliona.

NYANI: Na kule Basra, wale waliokuwa mbwa, waliporudi kuwa watu ilikuwaje? Simba, wewe unajua kisa chote.

MBWA: (anatazama pembeni) Mambo mengi yalitokea.

NYANI: Walimgeuka ndugu yao kwa mara nyingine! Bibi, andika: shule ya nyani, wamefaulu wawili kati ya wawili. Shule ya mbwa, sifuri.

MBWA: Chunga ulimi wako. Kule hawakupewa mafunzo!

(Katika kubishana, mkono wa Nyani umeshafika kwenye mfuko wa kijana, palipo na mahindi ya kuchemsha. Karatasi ya nailoni inalia. Kijana anakurupuka, kitabu kinaanguka.)

KIJANA: Simba! Simba! Kamata!

MBWA: (akisimamisha manyoya) Jirani, samahani sana. Ni amri.

NYANI: (ameshafika juu ya jiwe, hindi mdomoni) Hata Adili alisema hivyohivyo!

NG'OMBE: Huyu angalau halii.

(Mbwa anabweka mpaka mwangwi unarudi kutoka Kiboriani. Kijana anaokota kitabu, anakung'uta vumbi, anafungua daftari na kuandika haraka jibu la swali la pili: Hasidi na Mwivu ni wahusika bapa. Anapigia mstari, anatia daftari kwapani, anachukua fimbo. Jua limeshaanza kuinama na kisima kiko mbali.)

KIJANA: Haya, twende! Twende!

NG'OMBE: (akipokea fimbo ya kwanza mgongoni) Simba, hebu muulize kama amesoma faili langu.