Jinsi ya Kumchora Mwana wa Mwinyi pale Petite Barrière

Kwanza mpate mwinyi mwenyewe. Nenda Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo, asubuhi, upande wa Gisenyi, uwatazame akina mama wanaovuka kwenda Goma na nyanya, karoti na vitunguu kichwani. Kabla mpaka haujafungwa kwa muda Machi 2020 kwa ajili ya korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapa kila siku. Anayeulisha mji mzima kwa kichwa chake ana haki ya kuitwa mwinyi. Mtoto aliyeshika kitenge chake ndiye wako.

Usimsimamishe foleni. Mama ana mzigo wa kuuza, na nyanya hazimngoji mchoraji. Omba ruhusa, kisha uende kwao Jumapili.

Sasa mwige Goya, mchoraji wa Hispania. Mwaka 1787 au 1788 alianza kumchora Manuel Osorio, mwana wa Conde de Altamira, mmoja wa wakurugenzi wa Banco de San Carlos huko Hispania. Picha hiyo iko Metropolitan Museum, New York. Mtoto amevaa suti nyekundu na mshipi mpana mweupe. Mkononi ana uzi uliofungwa mguuni mwa ndege wa ukoo wa kunguru, na ndege huyo amebana mdomoni kadi ya Goya. Nyuma yao, paka wamekodoa macho. Itazame kwa makini: paka wapo, ndege wapo, benki haipo. Fedha iliyomlipa mchoraji imefichwa.

Wewe usifiche. Pale wachoraji wa mabwana walipoweka pazia na nguzo, weka baiskeli ya magurudumu matatu, ile ambayo walemavu wa hapa hubebea bidhaa za kuvusha mpaka, ikiwa imejaa magunia hadi juu. Suti usiazime, sare ya shule iliyopigwa pasi inatosha. Vumbi jeusi la lava ya volkano ya Nyiragongo liache kwenye viatu, ulichore chembe kwa chembe kama wenzako walivyohangaikia hariri. Ndege ukimtaka, kuku yupo. Mtoto akichoka kusimama, mpe muwa, uchore haraka.

Mwisho, jina. Chini ya picha Goya aliandika jina la Manuel na siku aliyozaliwa, 11 Aprili 1784. Mtoto yule alifariki mwaka 1792, na bado tunamwita kwa jina. Kwa hiyo usiandike “mtoto wa mpakani”. Muulize mama jina kamili na tarehe, akukague herufi kwa herufi, uandike kwa maandishi makubwa. Rangi ikikauka, picha ibaki kwake.