Rubani Asiye na Ndege

Saa moja asubuhi, Butembo bado imejifunika ukungu, simu ikalia. Alikuwa patron mmoja mwenye depo ya mabati, misumari na simenti.

"Petit, njoo mbio. Masini inasema haina pilote."

"Nakuja, Papa."

"Pilote wa nini? Mimi niliagiza misumari, sikuagiza ndege!"

Sikucheka. Kazi hii imeshanimaliza kicheko. Kile kiprogramu kinachosimama kati ya programu ya faktire, yaani ankara, na hifadhidata, wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam hukiita dereva, au kiendeshi wakivaa tai. Sisi kompyuta zetu zinasema Kifaransa, kwa hiyo tumepewa rubani. Ukimwambia patron rubani hayupo, anatazama upande wa uwanja wa ndege wa Rughenda kama atasikia ngurumo.

Mkosaji nilimkuta mlangoni anakula mandazi: mpwa wa patron. Alikuwa ametoka Kampala na kompyuta mbili mpya, akapitia mpaka wa Kasindi, moja akaiacha kwenye tawi la Beni, nyingine akaileta Butembo. Zote mbili kaziwekea hifadhidata mpya ya MySQL, kwa nia njema. Nia njema ndiyo inayonilisha mimi.

Programu ya faktire ni ya zamani, ya biti 32. Kijana kaweka rubani wa biti 64. Rubani yumo, kakaa, kafunga mkanda, ila programu haimwoni. Na usidhani kumtafuta ni rahisi. Kwenye Windows ya biti 64, mafaili ya biti 64 yanakaa kwenye folda iitwayo System32, na yale ya biti 32 yanakaa SysWOW64. Hujasoma vibaya. Jina la zamani liliachwa ili programu zilizozoea kulitaja zisipotee njia. Programu hazikupotea, nimepotea mimi.

Nikatoa flashi yangu, ninayoitunza kama hirizi, nikaweka rubani wa zamani wa biti 32. Programu ikamwona. Sasa hifadhidata ikamfukuza. Neno la siri ni lile lile, herufi kwa herufi, lakini amekataliwa.

"Huu ni uchawi," patron akasema.

"Papa, nifungulie hiyo droo."

Nilijua kilichomo. Kila depo mjini ina noti yake iliyokosa pa kwenda. Yake ilikuwa dola 100 yenye kichwa kidogo, ya zile zilizochapwa kabla ya vichwa vikubwa vya toleo la 1996.

"Hii ni pesa ya kweli?"

"Ya kweli kabisa!"

"Mteja akikuletea nyingine kama hii, unapokea?"

"Nipokee nina wazimu?"

"Basi hifadhidata yako nayo haina wazimu."

Akanyamaza. Mtu wa Butembo ukitaka aelewe kompyuta, mpitishie kwenye dola. MySQL 8, iliyotoka mwaka 2018, ilibadili namna ya kuhakiki neno la siri, na marubani wa zamani hawaujui utaratibu huo. Neno ni halali, ila limekuja kwa toleo ambalo mlinzi wa leo halipokei.

Ikabidi nimpakue rubani mpya, wa biti 32, kwa megabaiti za simu yangu. Alipofika akadai kwanza awekewe Visual C++, kama bwana harusi anayefika ukweni na orodha. Nikapakua na hiyo. Katikati, jenereta ikaishiwa mafuta. Tukasubiri kijana aende na kidumu, arudi na kidumu na hadithi.

Saa kumi programu ikafunguka. Patron akasogea, akavaa miwani, akasoma neno la kwanza kwenye stoki. Palipoandikwa "tôle", yaani mabati, pakasomeka "tÃ´le".

"Hii nayo ni bidhaa gani?"

Herufi zenye kofia. MySQL 8 iliacha latin1, ikaifanya utf8mb4 kuwa mtindo wake wa kawaida, na programu yetu mzee inasoma kwa mtindo wa ujanani mwake. Nikarekebisha mstari mmoja kwenye mipangilio ya rubani, mabati yakarudi kuwa mabati.

Kesho yake nikapanda taksi kwenda Beni, zaidi ya kilomita 50, watu wanne kiti cha nyuma. Koti la baridi ya Butembo nililivulia njiani, Beni hailihitaji. Kila kitu kilikuwa kwenye flashi, nikamaliza kwa dakika kumi. Lilikuwa kosa langu kubwa kuliko yote. Ningekohoa kidogo, ningezunguka meza, ningeomba maji.

"Dakika kumi?" patron akaniambia niliporudi. "Ulibonyeza tu."

Msomaji, ukinunua kompyuta mpya, chukua karatasi uandike mambo matatu: programu yako ni toleo gani, hifadhidata ni toleo gani, na rubani ni wa biti ngapi. Ibandike ukutani karibu na kalenda. Na mpwa akitoka Kampala, mpe chakula kwanza, kompyuta baadaye.

Patron alinilipa, sitamsingizia. Alifungua droo akanipa noti nzima, bila kuomba chenji. Ninayo mpaka leo. Ni pesa ya kweli kabisa, yenye kichwa kidogo.