Farasi Bado Hajabatizwa

Mahali: Landis Valley, kijiji cha makumbusho nje kidogo ya mji wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Ndani ya banda limeegeshwa gari la Conestoga, la buluu, magurudumu mekundu, limezungushiwa kamba asiliguse mtu. Nje, kwenye uzio, amefungwa farasi. Mwenyewe, Mwamishi, mfuasi wa dhehebu la Kikristo la Waamishi, ameingia dukani kupeleka mablanketi ya viraka. Juu ya gurudumu la Gari, mgeni ameacha simu yake.

SIMU: Shikamoo, Babu.

GARI: Marahaba. Umesahauliwa au umetupwa?

SIMU: Nipo likizo. Bosi wangu kaamua leo anaishi kama watu wa zamani. Kapiga picha mia mbili, kazituma, kasubiri watu wazipende, ndipo akaniweka hapa akisema anataka kuusikiliza moyo wake.

FARASI: Na moyo umesemaje?

SIMU: Nani huyo? Ah, farasi wa Waamishi! Bosi angekuwepo angekuuliza: na wewe ni Mwamishi?

FARASI: Naulizwa hilo kila kukicha. Mimi, mdogo wangu, nilizaliwa kwa ajili ya mashindano. Nilikuwa navuta kile kigari cha magurudumu mawili uwanjani, watu wazima wananipigia kelele wameshika tiketi za kamari. Mbio zikapungua, nikapelekwa mnadani, Mwamishi akaninunua. Wengi wetu unaotuona barabarani hapa tumetokea huko.

SIMU: Lakini sasa umeokoka.

FARASI: Sijabatizwa. Kwa hawa mtu habatizwi mpaka awe mtu mzima, aamue mwenyewe. Kwa msimamo huo Felix Manz alizamishwa mtoni Zürich mwaka 1527, na wenzake wakachomwa moto huku na huku Ulaya. Kwa hiyo mimi sikurupuki. Kila Jumapili ya pili nawapeleka ibadani, nyumbani kwa jirani, maana hawajengi makanisa. Wanakaa humo saa tatu, mabenchi hayana egemeo, wimbo mmoja unakula dakika ishirini. Mimi nasubiri nje. Mahubiri nimeyasikia mengi, ya Kijerumani, na bado natafakari. Juzi mama mmoja kutoka New Jersey kaniuliza kama nafunga. Nikamtazama. Akamwambia mumewe: anafunga, ona macho yake yalivyo ya huzuni. Huzuni gani? Nilikuwa na inzi jichoni.

GARI: Huyu haulizwi kitu kidogo. Tulia nikupe historia, mjukuu wangu. Menno Simons alikuwa padri Uholanzi, akauacha upadri mwaka 1536, akajiunga na hao wa ubatizo wa watu wazima. Mwaka 1693 Jakob Ammann akakosana na wenzake, pakatoka Waamishi huku, Wamennonite huku. William Penn akawafungulia mlango wa Pennsylvania. Nami nikatengenezwa hapa bondeni, tumbo limepinda kama mashua ili mzigo usiteleze milimani. Nilivutwa na farasi sita! Nilipeleka unga Philadelphia. Dereva hakukaa juu yangu, alitembea ubavuni. Farasi walivaa kengele, na wazee walisema ukikwama matopeni, ukanasuliwa, unamwachia aliyekunasua kengele zako. Unaingia kwenu kimya, kijiji kizima kinajua yaliyokukuta.

SIMU: Hiyo ingefaa video.

GARI: Ndugu wawili, Henry na George Landis, walikusanya majembe, bunduki, vyungu, vitanda, kila kilichokuwa kinatupwa, wakawafungulia watu milango mwaka 1925. Mwaka 1953 jimbo likachukua. Bila watu wa namna ile, mimi ningekuwa kuni.

FARASI: Hapo nawavulia kofia. Walikusanya vitu vilivyokuwa vinakufa. Wageni wa siku hizi wanakusanya watu walio hai.

SIMU: Sasa ubaya uko wapi? Bosi kamwona mama wa kofia ya kitambaa akisukasuka siagi, machozi yakamlengalenga. Kasema, “Maisha rahisi haya!”

FARASI: Yule mama ana funguo za gari mfukoni mwa aproni. Jioni akitoka hapa anapitia dukani kununua siagi. Simlaumu, kazi yake anaijua. Lakini hayo maisha rahisi, nani kawaambia? Njoo kwetu saa kumi na nusu alfajiri. Ng’ombe wanangoja. Jioni wanangoja tena. Sikukuu wanangoja, una homa wanangoja, umefiwa wanangoja.

SIMU: Haya, si rahisi. Ni ya zamani.

FARASI: Hebu kitazame kigari changu. Kile cha kijivu. Bodi ni faibaglasi. Taa ni za LED, betri iko chini ya kiti, breki za diski, na nyuma ile pembetatu ya rangi ya machungwa asije bosi wako akatupanda. Zizini tuna mashine ya kukamulia, inaendeshwa kwa dizeli. Karakana ya seremala inatumia upepo wa kompresa. Hata ndugu yako yupo, ana kibanda chake nje. Hawalali naye tu.

SIMU: Kumbe wanafiki!

FARASI: Nilijua utafika hapo. Mgeni ana makabati mawili tu: malaika na wanafiki. Asiyeingia la kwanza anasukumwa la pili. Sikiliza. Kitu kipya kikija, hawa wanakaa wanakijadili, mwaka, miaka, wanauliza kitawafanya nini wao na jirani zao. Gari la mafuta wakaona litawatawanya. Wakakataa kulimiliki, lakini wanakodi dereva wakienda hospitali. Unaweza kuwacheka. Ila walijiuliza. Bosi wako siku anakununua aliuliza nini?

SIMU: Kamera ina megapikseli ngapi.

GARI: (kwa kicheko cha mbao) Heh.

SIMU: Lakini angalau anawahurumia. Anasema wamebaki wachache, wanakwisha.

FARASI: Wanakwisha! Wako zaidi ya 400,000 Amerika Kaskazini, na kila miaka ishirini hivi wanakuwa mara mbili. Kinachokwisha hapa Lancaster ni ardhi. Tangu ile filamu ya Witness kuhusu Waamishi, ya mwaka 1985, ndiyo usiseme. Wageni wanamiminika kwa mamilioni. Barabara namba 30 imejaa hoteli na maduka ya nguo za punguzo, kila bango lina picha ya kigari cha farasi. Mgeni anakuja kuona mashamba, analala hotelini juu ya shamba, asubuhi analalamika msongamano wa magari. Kijana wa Kiamishi akioa, ekari ya kununua haishikiki, anahamia Kentucky au New York. Huku nyuma mgeni anauliza mbona mashamba yamepungua.

GARI: Pole pole, bwana. Mwenyewe wako yuko dukani sasa hivi anawauzia mablanketi.

FARASI: Sijamficha. Anauza, na bei anaijua. Na miaka mingi mablanketi mengi yaliyoitwa ya Kiamishi yalishonwa na akina mama wa Kihmong, wakimbizi kutoka Laos waliohamia hapahapa Lancaster. Mnunuzi anapapasa mshono, anasema, “Unaona kabisa mkono wa Mwamishi.” Wala sikuambii hawa ni watakatifu. Shule yao inaishia darasa la nane, Mahakama Kuu ya Marekani iliwaruhusu mwaka 1972, na msichana anayetaka udaktari atajua mwenyewe pa kupita. Aliyebatizwa akitoka, anatengwa; hata mezani kwa mama yake anaweza kuwekewa sahani pembeni. Mwenye kusifu asifu akiwa ameyaona na hayo. Lakini hayaoni, maana yuko nyuma yako, wewe, anatafuta mwanga mzuri!

SIMU: Usinigombeze mimi, mimi ni kifaa.

FARASI: Jana mtoto wa miaka saba anakwenda shule na skuta yake ya kusukuma kwa mguu. Gari likapunguza mwendo, kioo kikashuka, mkono ukatoka na mmoja wenu. Mtoto akajifunika uso kwa kofia. Wakamwita, “Hai! Hai! Tazama huku!” Wanajua hataki. Wamesoma kwenye kijitabu cha hoteli kwamba hawa hawapendi kupigwa picha, kwa ile amri ya Kutoka ya sanamu ya kuchonga. Wamesoma, wamesikitika, wamepiga. Mtoto wa watu! Ingekuwa Baltimore, mtu kamnyemelea mtoto wa jirani na kamera, polisi wangeitwa. Hapa inaitwa utalii wa utamaduni.

SIMU: Bosi wangu hakumpiga mtoto. Alipiga kamba ya nguo. Halafu yeye si mgeni mgeni hivyo. Kwao ni Mara, Tanzania. Bibi yake alitibiwa hospitali ya Shirati, ya Wamennonite.

GARI: Hao walitoka wilaya hiihii! Elam Stauffer na wenzake, mwaka 1934. Mwaka 1967 kanisa la kule likapata askofu Mwafrika, Zedekia Kisare.

FARASI: Ila hao ni Wamennonite wenye magari na kamera. Waamishi hawapeleki wamisionari. Hata mimi hawajanihubiria. Sasa hao walipofika Shirati, walipiga picha?

GARI: Eeh. Wakarudi kuwaonyesha watu kanisani.

FARASI: Basi mjukuu kaja kulipa deni, haya nimesamehe moja. Amenunua nini?

SIMU: Chombo cha kusukia maziwa. Cha mbao. Dola mia moja na themanini. Atakiweka sebuleni.

FARASI: Bibi yake hakuwa na kibuyu cha kusukia?

SIMU: Alikuwa nacho. Kilitupwa walipojenga nyumba ya kisasa. Kilikuwa kinanuka moshi.

GARI: Nani alikitupa?

SIMU: ... Kuna mtu anakuja.

(Mgeni anaingia mbio, anaichukua simu, anaipangusa kwa shati. Anasimama palepale, kiatu kina kinyesi cha farasi, anaandika kwa vidole gumba viwili.)

GARI: Anaandika nini?

SIMU: (akitumbukizwa mfukoni) Maoni. Katoa nyota nne kati ya tano. Moja kaipunguza kwa sababu ya harufu.

FARASI: Mwambie hiyo nyota niliiangusha mimi asubuhi, langoni, na kaikanyaga.