Shangazi wa Sufuria: Choma Uzi Kwanza

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi wa batiki hapa Morogoro na kazi yangu inajulikana hadi stendi. Wifi yangu wa Makete aliniletea uzi wa sufu wa kufumia soksi, akaomba niutie zambarau. Nikauandalia maji ya moto, kostiki na haidro kama ninavyofanya siku zote. Nilipouinua kwa mti ukakatika, na uliobaki chini ulikuwa uji. Wifi anasema uzi nimeuuza. Nimjibu nini?
– Fundi Aliyesingiziwa

Marahaba, Fundi. Mwambie wifi uzi wake haukuuzwa, umo ndani ya uji huo, na aliyeuua ni kostiki. Batiki ni kazi ya pamba, na pamba ni selulosi, kitu kilekile kilichomo kwenye mti na karatasi. Selulosi huvumilia kostiki. Tena rangi zenu nyingi za batiki haziyeyuki majini mpaka zipate kostiki na haidro, kisha hurudi kuwa rangi kamili kitambaa kinapopigwa na hewa. Sufu haina udugu na pamba hata kidogo. Ni nywele za kondoo, na nywele, kucha na pembe zote zimejengwa kwa protini iitwayo keratini, iliyofungwa pamoja kwa viungo vya salfa. Kostiki ya moto hukata viungo hivyo. Ukitaka ushahidi wa karibu, nenda saluni. Baadhi ya dawa za kulainisha nywele zina kostiki hiyohiyo, ndiyo maana msusi hutazama saa na kukimbilia maji: nywele zikikaa na dawa kupita muda, hukatika. Wewe uzi wa wifi umeuchemsha ndani yake.

Nakupa nafasi kubwa kwa sababu kosa lako si la uzembe. Ulifuata kanuni sahihi, ila ya kitambaa kingine, na hapo ndipo wanapoangukia wengi wanaoandika kwenye safu hii. Wote huuliza ni rangi gani inayoshika. Hilo ni nusu ya swali, kwa sababu hakuna rangi inayoshika yenyewe. Ipo inayoshika pamba, ipo inayoshika sufu, na zipo nyuzi ambazo jikoni hazitashikwa na chochote. Kwa sufu njia ni kinyume cha yako: asidi badala ya kostiki. Siki huipa protini ya sufu chaji chanya. Rangi ziitwazo rangi za asidi zina chaji hasi. Joto hulegeza uzi ili zikutane ndani yake. Pima gramu 1 ya rangi ya unga kwa gramu 100 za uzi mkavu, utapata rangi ya wastani. Loweka uzi kwanza uloe hadi ndani, uingize kwenye maji yenye rangi na vijiko vitatu vya siki, pandisha moto polepole hadi sentigredi 85 au 90, kisha uutulize hapo nusu saa. Usikoroge. Sufu ikisuguliwa kwenye joto hunywea na kugandamana, na soksi ambayo haijafumwa haipaswi kugeuka blanketi kabla ya wakati wake. Rangi ikishahamia kwenye uzi na maji yakabaki meupe, zima moto na uache upoe humohumo.

Habari Shangazi. Naishi Minneapolis, na baridi ya huku haina adabu. Nilisikia kwamba rangi ya keki na siki vinatosha kutia rangi uzi wa soksi. Nikanunua uzi laini wa bei nafuu, nikauchemsha na rangi nyekundu na siki. Sufuriani ulipendeza kweli. Niliposuuza, rangi yote ikashuka na maji, nikabaki na pinki ya mgonjwa. Dada mmoja kanishauri niuloweke kwenye chumvi. Nimeuloweka mara mbili na chumvi imeisha.
– Miguu Baridi

Salama, Miguu Baridi. Aliyekupa habari za rangi ya keki hakukudanganya. Rangi nyingi za keki ni za jamii ileile ya rangi za asidi. Ile ya njano iitwayo tartrazini, inayoandikwa E102 kwenye pakiti, iligunduliwa 1884 na mkemia Mswisi Johann Heinrich Ziegler, na sufu na hariri huipokea vizuri kuliko biskuti. Siki ulitia, moto ulitia. Kati ya vitu vinne vilivyoingia sufuriani, vitatu havina hatia, basi tumtazame wa nne. Uzi laini, wa bei nafuu, unaorudisha maji yote mekundu baada ya kuchemshwa na siki, karibu kila mara ni akriliki. Akriliki ni plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Haina mahali pa kuishikilia rangi ya asidi. Kiwandani hutiwa rangi za aina nyingine kabisa, au hupewa rangi kabla hata haijawa uzi. Pinki uliyobakiwa nayo ni vumbi la rangi lililokwama juu juu, nalo litaondoka kidogo kidogo, baadhi yake kwenye vidole vyako vya miguu.

Kuhusu chumvi, najua nitakosana na nusu ya wasomaji. Ushauri huu umezoeleka sana kwetu: kanga mpya ikichuja, iloweke kwenye maji ya chumvi. Chumvi ina kazi ya kweli katika utiaji rangi, lakini kazi hiyo hufanyika ndani ya sufuria ya rangi, wala si baada yake. Katika pamba husaidia kuisukuma rangi kutoka kwenye maji kuingia kwenye kitambaa. Kinachoifunga pale, kwa rangi za kisasa za pamba, ni magadi ya kiwandani. Katika sufu chumvi hupunguza kasi ya rangi ili isambae sawasawa. Kanga inayochuja ina rangi ya ziada ambayo haikufungwa, na rangi hiyo itatoka kwa kufuliwa mpaka iishe. Mtu akiloweka chumvi mara ya kwanza na kufua mara nne, ya tano ikatoka safi, sifa zote anaipa chumvi, na maji hayapewi hata asante. Huo ndio ushahidi mzima wa chumvi, na hautoshi.

Kwa hiyo, kabla hujanunua kitita kingine, kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibanio juu ya sinki, ukiwashe. Sufu huungua kwa kusitasita, hunuka nywele zilizoungua, huzima yenyewe ukiiondoa motoni, na huacha masizi meusi yanayosagika kwa vidole. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi, na huacha jivu laini la kijivu. Akriliki huyeyuka huku ikiwaka, hutoa moshi mweusi, na huacha punje ngumu isiyovunjika. Uzi halisi wa soksi utakuchanganya kidogo, maana mara nyingi ni sufu asilimia 75 na nailoni 25, ya kuimarisha kisigino. Utasikia harufu ya nywele na utakuta vijipunje vigumu ndani ya masizi. Usiogope nailoni. Ingawa nayo ni plastiki, ina sehemu za kushikia rangi ya asidi kama sufu, na huivuta hata mapema zaidi moto unapopanda. Huko uliko utakuta pia sufu iliyotibiwa ili ifuliwe kwa mashine: magamba yake yamepunguzwa kwa klorini na kufunikwa utando mwembamba. Hiyo hunywa rangi kwa pupa na kubaki na mabaka. Ukitaka rangi moja tulivu, tia siki mwishoni, rangi ikishasambaa. Ukipenda mabaka, tia mwanzoni, na uwaambie watu ulikusudia.

Utasema kwamba karatasi ya dukani ilikuwa imeandikwa kila kitu. Kama imeandikwa, isome. Lakini uzi wa zawadi, uzi wa masalio na uzi wa sokoni huja bila karatasi, na muuzaji akikuapia kwamba ni sufu tupu, usibishane naye. Mwombe kiberiti.

Asalaam aleikum, Shangazi. Nakusoma kutoka Lamu. Mbona unawatisha watu na asidi na chaji? Hina ipo, manjano yapo. Bibi zetu hawakuchoma uzi wala hawakujua keratini, na rangi zao zilikaa. Vya asili havina madhara na havichuji.
– Mjukuu wa Bibi

Waalaikum salaam, Mjukuu. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote zilizofika, kwa hiyo naijibu kwa heshima, na shahidi wangu wa kwanza ni hina yako mwenyewe. Bibi aliipaka wapi? Kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye viganja na nyayo. Kote huko kuna keratini. Kwenye ukucha hina hukaa mpaka ukucha uote na kukatwa. Kwenye ngozi huondoka mapema kwa sababu ngozi hujibadilisha, wala si kwamba hina imeachia. Bibi hakuhitaji jina la protini. Alijua hina inapenda nini, akaipeleka huko, na kanga yake akaiepusha nayo. Hiyo ndiyo hoja yangu nzima, ila bibi aliitumia bila kuandika safu. Na ukitia uzi wa sufu kwenye maji ya moto ya hina utapata kahawia nzuri yenye wekundu, yenye kudumu. Nakubali kwa moyo mweupe.

Manjano ni kesi nyingine. Hushika karibu kila kitu, ikiwemo pamba, na ndiyo yanayowadanganya watu wadhani kila mmea uko hivyo. Lakini anika juani uzi uliotiwa manjano, rangi itafifia mbele ya macho yako. Mimea mingi haishiki sufu vizuri mpaka uzi uchemshwe kwanza na shabu, ile inayotumika kusafisha maji, kiasi cha gramu 10 hadi 15 kwa gramu 100 za sufu. Akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, kikundi kilichoanzishwa 1977 chini ya Mlima Kenya, husokota sufu ya kondoo na kuitia rangi za mimea, na kazi yao inatosha kumnyamazisha anayedai kwamba rangi ya asili ni mchezo wa watoto. Ni ustadi, na ustadi huo huanza kwenye uzi.

Wala usidhani waliokuja na kemikali waliponyoka swali hili. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alikuwa akitafuta kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akaambulia zambarau, rangi ya kwanza ya maabara kuuzwa kwa wingi. Hariri iliipokea mara moja. Pamba ilikataa, mpaka ikapatikana njia ya kuiandaa kwa tanini. Rangi ileile, chupa ileile, nyuzi mbili, majibu mawili. Na kuhusu madhara: piko inayopakwa pwani kwa jina la hina nyeusi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoweza kuchoma ngozi na kuacha kovu, ilhali siki na tartrazini unakula. Jina la asili halimlindi mtu. Ajue kilichomo.

Shangazi, mke wangu wa Limuru ametumia sufuria ya ugali kutia rangi nyuzi za soksi. Namwambia soksi ziko tele mitumbani. Nani yuko sahihi?
– Mwenye Njaa

Nyote wawili, kila mtu nusu. Kama alitumia rangi ya keki, sufuria ioshwe irudi kazini. Kama alitumia rangi ya unga ya kutilia vitambaa, sufuria hiyo imehama jikoni moja kwa moja, na akipima unga huo afunike pua na mdomo. Ainunulie mrithi wa chuma kisichoshika kutu, maana sufuria za alumini huliwa na asidi na huweza kubadili rangi. Kuhusu mitumba, kama shida yako ni joto la miguu tu, hoja yako inashinda na gharama ni ndogo. Ila mitumbani kuna kitu bora kuliko soksi. Kuna sweta za sufu zenye kitambulisho kilichoshonwa kolani, kinachotaja asilimia ya kila kilichomo. Mwambie mkeo atafute iliyoandikwa sufu, aifumue, auoshe uzi, autie rangi. Kwa kuwa sweta nyingi hazina nailoni, kisigino akifume kwa uzi maradufu, la sivyo kitatoboka mapema.

Wanaoandikia toleo lijalo, tafadhali tieni kipande cha uzi ndani ya bahasha. Barua isiyo na uzi itasubiri.