Kichoro Kidogo Tu

Mwandishi mmoja wa vitabu vya watoto, Dar es Salaam, kamlipa mchapaji nusu kabla mashine haijawashwa. Mchoraji yeye kaahidiwa kujulikana. "Ni kichoro kidogo tu, kaka, kwako wewe dakika tano." Kurasa 24, twiga mwenye haya, pamoja na jalada.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwauzia wageni wanyama aliowachora kwa fedha, si kwa sifa. Maskini, hakupata wa kumwelimisha.

Rasimu ikifika, shingo irefushwe. Ikirefushwa, ifupishwe. Kisha shangazi wa mwandishi, ambaye hadithi yenyewe hajaisoma, anaonelea twiga awe pundamilia. Na bei? Ipungue kidogo, kaka: pundamilia anakula wino mweusi tu.