Makochi Yatoke, Shida Iingie

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu, na kikundi chao kimepewa kazi ya kutengeneza dokumentari kuhusu maisha ya chuo. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba chuo kiko kule, nyumba yangu iko huku Tabata Kimanga, halafu taa na nyaya zimejaa sebuleni kwangu, pamoja na vijana ambao mkate mzima kwao ni wa kuanzia tu.

"Mjomba, kule wanataka barua," akanieleza. "Barua inataka muhuri, na mwenye muhuri yuko semina Morogoro. Geto tutalitengenezea hapa kwako."

Mmoja wao amepanga chumba Segerea. Nikashauri, kwa upole kabisa, waende kwenye hilo geto lenyewe. Wakatazamana. Kumbe chumba cha yule kijana kina friji, televisheni ya ukutani na zulia la manyoya. Mtazamaji hataamini kwamba mwenye navyo anateseka. Basi mateso yakahamishiwa kwangu. Makochi yakatolewa barazani, mapazia yakavuliwa, godoro la mtoto likatandikwa chini, na jiko la mafuta ya taa lililokuwa limestaafu stoo likarudishwa kazini. Ukuta nao ukaonekana msafi mno, kijana mmoja akaupaka masizi. Mke wangu, ambaye mimi hanikubalii kukaa kwenye kochi nikiwa na jasho, ndiye aliyekuwa anawaonyesha upande wa kushika wakati wa kulibeba. Na mita ya Luku inalia peke yake, hakuna wa kuionea huruma.

Hiyo ndiyo wanaiita hali halisi.

Kama ni shida wanatafuta, mbona Tabata hatujawahi kumnyima mtu? Wasimame Relini saa kumi na mbili asubuhi, waone binti aliyebeba kompyuta kifuani anavyogombea gari ya Ubungo na wababa wenye viwiko vya chuma. Hapo hakuna haja ya masizi. Au wasimulie kubebana kwa Mlimani: mmoja ana jina kwenye orodha ya hosteli, mwenzake ana shuka tu. Kabla Rais Magufuli hajazindua zile hosteli za wanafunzi 3,840, Aprili 2017, kitanda cha mtu mmoja kule kilikuwa kimeshazoea roho mbili. Nikasema, hilo jambo ni tamu, lipigeni. Mpwa wangu akajibu kwamba watalipiga, tena kwenye kitanda changu, maana kina mwanga mzuri wa dirishani.

Sauti ndiyo iliyowatia adabu. Kuna sehemu binti analia kwa sababu bumu limechelewa na kodi imefika. Analia vizuri, hata mimi nilianza kujipapasa mfukoni. Mara anapita kijana wa baiskeli na spika yake: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Wanarudia. Fundi wa mageti jirani anawasha mashine yake. Wanarudia. Kwaya inaanza mazoezi. Ilipofika zamu ya kutulia, binti machozi yalikuwa yameisha, akaomba kitunguu, na kitunguu kikatoka kwenye kapu la nani? Mjumbe naye akaja kuuliza kibali, kwa sababu sheria ya filamu ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha. Wakamwonyesha. Akakisoma mpaka nyuma ambako hakuna kitu, kisha akauliza yeye atatokea sehemu gani.

Siku nyingine wakataka mzee wa historia. Filamu ieleze kwamba kilio cha wanachuo hakikuanza leo: Oktoba 22, 1966, waliandamana na majoho yao hadi Ikulu kupinga JKT ya lazima, ambayo ingewakata asilimia 60 ya mshahara kwa miezi kumi na minane. Bango moja likadai kwamba enzi za mkoloni kulikuwa na nafuu. Mwalimu aliwasikiliza, akawafukuza mamia yao warudi makwao, na hapo hapo akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Kisa kizito. Ila aliyepangiwa kukisimulia kama shahidi, ikibidi kwa machozi, ni mimi. Mwaka 1966! Mama yangu mzazi alikuwa bado anacheza rede Korogwe.

"Anko, mvi zako zinatosha," akasema mshika kamera.

Nikakataa. Wakamchukua jirani yangu, mstaafu wa reli, ambaye mwaka huo alikuwa darasa la tatu Kigoma. Akasimulia maandamano mwanzo mwisho, na namna alivyomjibu Mwalimu uso kwa uso. Wakampigia makofi. Wanasema ana uso wa historia.

Nikaona niwatishe kidogo, nikawakumbusha mapanki. Vijana hawa walikuwa wadogo, hawajui. Yule Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare mwaka 2004 kuhusu sangara wa Mwanza. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaisema hadharani, na nchi nzima ikabishana kama vichwa na mifupa ya samaki ni kitoweo au ni aibu. Nikawaambia, sitaki jiko langu liwe Mwanza ya pili. Mpwa wangu akatafuta kwenye simu, akasoma kimya, akainua macho.

"Mjomba, ile iliteuliwa kuwania Oscar."

Akaenda jikoni kumuuliza mke wangu kama kuna vichwa vya samaki.

Sasa kazi imekwisha, wameingia kwenye uzinduzi. Hapa Dar hata mtoto akiota jino kuna kamati. Jana nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp bila kuulizwa, na kadi ya mchango ikatua: singo elfu hamsini, dabo laki moja. Mke wangu ameshaahidi dabo kwa niaba ya familia, mjumbe amejitangaza mgeni rasmi. Namba ya kupokea michango ni ya mpwa wangu. Ya kuulizia deni la ukumbi ni yangu.