Shukrani kwa Tathmini ya Haraka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

KUH: SHUKRANI

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Maweni, Malindi. Najua barua nyingi zinazofika mezani kwako ni za malalamiko. Hii yangu ni ya kushukuru.

Mpwa wangu yuko Gredi ya 5 na kusoma hajui. Mjinga si mjinga: Jumamosi humsaidia babake kuuza madafu ufuoni, bei anawatajia Waitaliano kwa Kitaliano alichokiokota kwa masikio, na chenji haimpotei hata shilingi. Madrasa kahifadhi Juzuu Amma kwa kusikiliza tu. Lakini mpe ukurasa, jasho linamtoka. Alipokuwa Gredi ya 2 alikariri kitabu kizima kwa kuwasikia wenzake, akakisoma mbele ya mwalimu kama maji, kitabu chenyewe kakishika juu chini. Alipigiwa makofi.

Wataalamu huiita hali hii disleksia, na husema kumpima mtoto kwahitaji muda na ujuzi. Malindi hatuna uvivu huo. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni alimtupia jicho moja: mzembe. Jirani akasema mkaidi. Shangazi yake akasema ana jini, akamtafutia kombe: aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mtoto akanywa. Simcheki shangazi; katika sisi sote ni yeye pekee aliyehangaika kutafuta dawa. Ila tazama tulipofikia, Mheshimiwa: herufi zimemshinda kwa macho, tukamnywesha. Viboko navyo vilipigwa marufuku mwaka 2001, kwa hiyo havipo, na ile michirizi miguuni mwake bila shaka ni ya mbu.

Dadangu hakutosheka. Alisikia kwamba serikali ina vituo vya kutathmini watoto tangu 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, pale Kasarani tangu 1986. Akampeleka ofisi moja ambayo sitaitaja. Macho yakapimwa, mazima. Masikio yakapimwa, mazima. Akapewa karatasi kwamba mtoto hana tatizo, na tukarudi nyumbani na mtoto asiye na tatizo asiyejua kusoma. Wa kumpima hilo jingine, tukaambiwa, wako Nairobi, kama kilomita 600, basi la usiku kupitia Mombasa. Sasa nimeelewa: disleksia ni ugonjwa wa bara, joto la pwani haliwezi.

Nisisahau kushukuru kwa sheria. Katiba, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata elimu. Ipo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Ipo na sera ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu. Nimezisoma, ni nzuri. Mtoto aliyeshindwa na maandishi mmemzungushia ukuta wa maandishi.

Na wala jambo lenyewe si geni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za Percy, kijana wa miaka 14 aliyekuwa na akili kali na hakuweza kusoma. Mwalimu wake alisema angewashinda shule nzima kama masomo yote yangekuwa ya mdomo. Mwaka huo huo reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa. Reli ilifika Kisumu 1901, ikazeeka, na 2017 tukaletewa nyingine mpya. Malindi haijafika mpaka leo. Nadhani habari za Percy zilipakiwa humo.

Ninachoomba ni kidogo, usinione mlafi. Mwalimu mmoja hapa Malindi aliyefunzwa kumfundisha mtoto kama huyu: sauti moja, herufi moja, polepole, anaitamka huku akiichora mchangani kwa kidole. Mchanga usitie kwenye bajeti, tunao. Na siku ya mtihani asomewe maswali kwa sauti na aongezewe muda. Asiyeona huandaliwa karatasi ya breli na hakuna anayesema kapendelewa. Huyu wangu mkimpa karatasi ile ile ya wenzake, mnachompima ni kusoma, hata kama juu pameandikwa Sayansi. Kisha ripoti inakuja: Chini ya Matarajio. Ya nani, haisemi.

Ukiona vyema kunijibu, usiandike. Wizara imeshaandika vya kutosha, na nikipokea barua itabidi nimsomee mimi, naye ameshachoka kusomewa mambo yake na watu wengine. Mwambie karani wako arekodi sauti aitume kwa WhatsApp. Mpwa wangu ataisikiliza mara moja tu, na ukibadilisha neno mwaka ujao, atakukumbusha ulivyosema.

Wako mtiifu,
Mjombake, Maweni